Bodi za makapi ya miwa: nimezitumia miezi minane, haya ndiyo niliyoyaona

Mimi ni fundi samani, karakana yangu iko Keko, Dar es Salaam. Mwaka jana anayeniuzia bodi alinipigia simu: kuna mzigo umeingia kutoka India, milimita 18, futi 8 kwa 4, makapi ya miwa yamechanganywa na vipande vya mbao. Bei chini ya MDF, ile bodi ya nyuzi za mbao, kwa shilingi 14,000. Nikachukua kumi.

Kabla ya kutengeneza chochote nilikata kipande nikakitoa juani. Ukitazama ukingo unaviona vyote viwili: mbao ni vijipande vifupi vya kahawia, na katikati yake nyuzi nyembamba za rangi ya majani makavu, zinang'aa kidogo. Nilitegemea karakana inukie kama kibanda cha juisi ya miwa. Wapi! Iliyonukia ni gundi, macho yakaanza kuwasha. Ni yurea fomaldihaidi, ileile ya chipubodi ya kawaida. Vaa barakoa, fungua madirisha.

Kwenye msumeno sina malalamiko. Ukingo unatoka safi, haumeguki hovyo. Skrubu ndiyo ina mambo yake. Ukiipiga usoni inashika barabara; ukiipiga ukingoni bila kutoboa kwanza, bodi inapasuka katikati kama chapati za tabaka. Na ukirudia tundu lilelile mara mbili, skrubu inazunguka tu, haing'ati kitu. Sasa natoboa tundu dogo kwanza, natumia skrubu ya meno mapana na tone la gundi, basi.

Nimetengeneza makabati matatu ya nguo. Milango haijapinda, bawaba hazijalegea. Rafu ya sentimita 60 iko sawa; ile ya 90 niliyompangia mwalimu mmoja vitabu ilishaanza tumbo mwezi wa pili, nikaiongezea nguzo katikati.

Aibu yangu iko Tabata. Nilimtengenezea mama mmoja kabati la jikoni, na sehemu ya chini ya sinki nikaitengeneza kwa bodi hizihizi, kwa tamaa ya bei. Wiki ya tano simu ikaita: "Fundi, njoo uone kabati lako limenenepa." Nilipofika, bomba lilikuwa linadondosha tone mojamoja, na ubao wa chini umevimba mpaka mlango haufungi. "Samahani mama, hili ni langu," nikamwambia. Nilibadilisha kwa gharama zangu.

Niliporudi nikatumbukiza kipande kwenye ndoo usiku kucha. Asubuhi milimita 18 zilikuwa 23, na ukingo ulimong'onyoka kwa kidole. Ila msiilaumu miwa peke yake. Gundi hii haivumilii maji hata ikikutana na mbao tupu. Kinachoongeza balaa ni ule moyo laini wa muwa: usipochujwa vizuri kiwandani unakunywa gundi wakati wa kutengeneza, kisha unakunywa maji baadaye.

Kwa ubishi nilijaribu kutengeneza bodi yangu mwenyewe: pumba za mpunga, vumbi la mbao, gundi nyeupe, nikabana kwa jeki ya gari siku mbili. Ilivunjika kama biskuti. Ganda la mpunga lina utelezi wa nta kwa nje, gundi yetu ya dukani haikai. Wanaotengeneza bodi za mabua ya ngano hutumia gundi nyingine, MDI, ambayo ni ghali lakini inashika na haiogopi maji sana. Tena ganda hilo limejaa silika, kitu kilekile cha mchanga. Kwa vipande viwili tu nilivyokata, msumeno ulikuwa butu.

Nikiona makapi ya miwa ya Kilombero yanachomwa kwenye boila ya kiwanda cha sukari kupata mvuke na umeme, najiuliza kwa nini bodi hizi zitoke ng'ambo. Lakini hayo ni ya wenye mitaji.

Nimeagiza nyingine sita, za makabati ya nguo na migongo ya rafu. Chini ya sinki naweka plaiwudi ya marini, ile inayovumilia maji, mteja alipie tofauti. Akibisha, kile kipande cha ndoo kipo juu ya meza, namkabidhi akibonyeze mwenyewe.