Fort Worth, Mji wa Ng'ombe: Uzoefu Wangu wa Stockyards na Maoni Yangu Kuhusu Habari za Nyama

Fort Worth hujinadi kuwa ndiko Magharibi inakoanzia, na kwa mtu anayetaka kuiona Marekani ya wachunga ng'ombe bila kufunga safari hadi Wyoming au Montana, majigambo hayo yana ukweli ndani yake. Mimi ni mkazi wa Dallas, mji ulio umbali wa takriban kilomita 50 upande wa mashariki, ambako watu huizungumzia Fort Worth kwa utani wa watani wa jadi. Nilikwenda mwishoni mwa Novemba 2025, wakati taarifa za habari zilipokuwa zimejaa mambo ya ng'ombe: bei ya nyama, mpaka wa Meksiko uliofungwa, na ugomvi kuhusu nyama ya Argentina. Nilitaka kujua mji unaoishi kwa jina la ng'ombe unasema nini ng'ombe wenyewe wanapokuwa habari ya taifa. Kwa ufupi, natoa nyota nne kati ya tano. Ile moja niliyoizuia nitaieleza.

Usafiri si tatizo kwa anayetoka Dallas. Treni ya Trinity Railway Express hufika katikati ya mji, na kutoka hapo ni mwendo mfupi wa basi kuelekea kaskazini hadi Stockyards, mtaa wa kihistoria wa soko la mifugo. Jambo la kukumbuka ni kwamba treni hiyo haiendi Jumapili. Anayekwenda kwa gari atalipia maegesho, na kwa maoni yangu malipo hayo yamezidi kiasi kwa mahali ambapo kivutio kikuu hutolewa bure.

Kivutio hicho ni msafara wa ng'ombe, ambao hupita katika barabara ya Exchange mara mbili kwa siku, saa tano na nusu asubuhi na saa kumi jioni, hali ya hewa ikiruhusu. Ng'ombe ni wa aina ya Longhorn, uzao wa mifugo iliyoletwa na Wahispania, na wachungaji wao hupanda farasi wakiwa wamevaa mavazi ya karne ya 19. Nilisimama ukingoni mwa barabara, karibu kiasi cha kusikia kwato zikigonga matofali na pembe mbili zikigusana kwa mlio mkavu wakati maksai mmoja mwenye madoa ya kahawia alipokataa kuachia nafasi. Pembe zake zilitanuka kwa upana kuliko urefu wangu, na kwa kila hatua aligeuza kichwa kidogo upande, kwa ustadi wa mtu anayepitisha ngazi mlangoni. Wasomaji waliozoea Ankole wa Uganda au Inyambo wa Rwanda huenda wasishangazwe na ukubwa wa pembe, lakini hizi hulala upande badala ya kupanda juu. Msafara wote hupita kwa dakika chache. Baadhi ya watalii waliokuwa karibu nami walinung'unika kwamba umekwisha upesi. Mimi sikuona kasoro hapo, kwa kuwa mwendo wa polepole ndio uliokuwa kazi halisi ya wachungaji wa zamani, ambao hawakutaka ng'ombe wapungue uzito kabla ya kufika sokoni.

Historia inayosimuliwa hapo ni ya kweli na inavutia zaidi ya maonyesho. Mji ulianza mwaka 1849 kama kambi ya jeshi. Baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe kumalizika mwaka 1865, Texas ilibaki na ng'ombe wengi wasio na soko, ilhali miji ya kaskazini ilikuwa na njaa ya nyama, na hukadiriwa kwamba ng'ombe wa dola 4 huku kusini aliweza kufikia dola 40 kule. Makundi yaliswagwa kupitia Fort Worth hadi Kansas kwenye reli, na wachungaji walinunua hapa mahitaji yao ya mwisho kabla ya kuingia nyikani. Reli ilipofika Fort Worth yenyewe mwaka 1876, mji uliacha kuwa njia na ukawa soko. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni za Armour na Swift zikajenga viwanda vikubwa vya nyama pembeni mwa mazizi, na wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia majeshi ya Ulaya yalinunua hapa farasi na nyumbu. Mwaka 1944 soko lilipitisha mifugo zaidi ya milioni 5. Kisha malori yakaishinda reli, minada midogo ikasogea karibu na wafugaji, Armour ikafunga mwaka 1962 na Swift mwaka 1971. Mabanda ya farasi na nyumbu ya mwaka 1912 sasa ni migahawa na maduka ya kofia.

Ndani ya jengo la zamani la mnada, lililojengwa mwaka 1902, kuna makumbusho madogo ambayo wageni wengi huyapita bila kuingia. Humo kuna balbu ya umeme iliyowashwa mwaka 1908 katika jumba la maonyesho la mji huo na ambayo bado inawaka, ikitoa mwanga hafifu wa rangi ya chungwa. Haina uhusiano wowote na ng'ombe, lakini nilikaa mbele yake muda mrefu kuliko mbele ya matandiko ya farasi na bunduki zote.

Jioni niliingia Cowtown Coliseum, ukumbi wa mwaka 1908 ambamo rodeo ya ndani ya ukumbi, yaani mashindano ya ustadi wa wachunga ng'ombe, ilianza kufanyika mwaka 1918. Viti ni vya zamani na vigumu, lakini hakuna kiti kilicho mbali na uwanja. Sehemu iliyonivutia zaidi ni ile ambapo mtu huruka kutoka kwenye farasi anayekimbia, akamkamata dume kwa pembe na kumlaza chini kwa sekunde chache. Mbinu hiyo ilipata umaarufu kupitia Bill Pickett, mchunga ng'ombe mweusi aliyezaliwa Texas mwaka 1870, ambaye alimwangusha ng'ombe kwa kumng'ata mdomo wa juu. Sanamu yake ipo nje ya ukumbi. Sehemu ya kumkamata ndama kwa kamba haikunipendeza: kamba inamkaza shingoni akiwa katika mbio, anarushwa nyuma, kisha miguu mitatu inafungwa huku saa ikihesabu. Naelewa kwamba kazi hiyo ilikuwa ya lazima malishoni ambako hakukuwa na kibanio wala daktari wa mifugo, lakini kuigeuza mchezo wa sekunde ni jambo ambalo sikuweza kulipigia makofi.

Hapa ndipo nilipozuia nyota ya tano. Wanahistoria wengi hukadiria kwamba katika miaka ya misafara mikubwa, takriban mchungaji mmoja kati ya wanne alikuwa mtu mweusi, na utaratibu wenyewe wa kuchunga kwa farasi na kamba ulitoka kwa Wameksiko. Ukitembea barabara ya Exchange, picha za madukani, mabango na wanasesere wa kuuza hukuonyesha mtu wa aina moja tu. Fort Worth ina makumbusho ya urithi wa Magharibi wa watu wa makabila mbalimbali, iliyoanzishwa mwaka 2001, na inayo makumbusho ya wanawake wachunga ng'ombe. Zote zinastahili kutangazwa pale pale ambapo umati hukusanyika kutazama msafara. Sanamu moja ya Pickett haitoshi.

Sasa nije kwenye chakula, kwa kuwa ndicho kilichonirudisha kwenye habari. Katika mgahawa mmoja wa nyama za kuchoma, ambao sitautaja, bei ya kidari ilikuwa imebandikwa kijikaratasi juu ya bei ya zamani, na juu ya kijikaratasi hicho kulikuwa na kingine. Nyama ilikuwa laini na moshi ulikuwa umeingia vizuri, ila sahani ilikuwa ndogo na bili ilikuwa kubwa. Sikumlaumu mhudumu. Katikati ya mwaka 2025 wastani wa bei ya nyama ya kusaga nchini Marekani ulipita dola 6 kwa ratili moja, na mwanzoni mwa mwaka huohuo hesabu ya serikali ilionyesha kwamba nchi ina ng'ombe wapatao milioni 86.7, idadi ndogo kuliko zote tangu mwaka 1951. Ukame wa miaka kadhaa uliwalazimisha wafugaji kuuza hata majike waliopaswa kuzaa. Mfugaji akiamua leo kumbakiza mtamba badala ya kumuuza, itapita zaidi ya miaka miwili kabla ndama wa mtamba huyo hajafikia kuchinjwa, na katika muda huo nyama sokoni inapungua zaidi. Ndiyo maana sikubaliani na wanaodhani kwamba mwanasiasa anaweza kushusha bei hii kwa tamko.

Mwezi Oktoba Rais Trump alisema Marekani inunue nyama zaidi kutoka Argentina, na chama kikubwa cha wafugaji kililalamika hadharani. Kwa maoni yangu wafugaji walikuwa na haki ya kukasirika, ingawa hasira yao ilivuka kiasi cha tishio lenyewe. Nyama ya Argentina ni sehemu ndogo tu ya kinacholiwa Marekani, kwa hiyo haiwezi kuwaangusha wafugaji wala kumpunguzia mlaji bili. Kilichowauma ni kuambiwa kwamba miaka yao michache ya bei nzuri, baada ya miaka mingi ya hasara, ni kosa la kurekebishwa.

Habari iliyonihangaisha zaidi ni ya nzi. Yuko nzi, aitwaye kwa Kiingereza New World screwworm, ambaye jike lake hutaga mayai kwenye kidonda cha mnyama, na mabuu wake hawali nyama iliyooza kama mabuu wengine, hula nyama hai huku wakijipenyeza ndani. Alikuwa ametokomezwa Marekani tangu miaka ya 1960, akasukumwa kusini hadi Panama, na sasa amerudi kupitia Amerika ya Kati. Aligunduliwa kusini mwa Meksiko Novemba 2024, na Septemba 2025 alipatikana kwa ng'ombe katika jimbo la Nuevo León, chini ya kilomita 120 kutoka mpaka wa Texas. Wakati wa safari yangu Marekani ilikuwa imefunga mpaka kwa ng'ombe wa Meksiko, ambao kwa kawaida huingia zaidi ya milioni moja kwa mwaka ili kunenepeshwa huku. Hiyo nayo iliingia katika bei ya kidari.

Sisi tuliokulia Tanga tuna sababu ya kuifuatilia habari hii kwa karibu. Silaha iliyomshinda nzi huyo ilibuniwa na wanasayansi Edward Knipling na Raymond Bushland, ambao sehemu kubwa ya kazi yao ilifanyika hapa Texas: kuwafuga nzi kwa mamilioni, kuwapiga mionzi ili wawe tasa, kisha kuwaachia wajamiiane na majike wa porini, ambao hupandwa mara moja tu maishani. Miaka ya 1990 mbinu hiyohiyo ilitumika dhidi ya mbung'o wa Unguja. Madume tasa walizalishwa katika kituo cha utafiti Tanga, wakamwagwa kwa ndege juu ya kisiwa, na mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwaka 1996. Texas ilikuwa na kiwanda chake cha nzi tasa huko Mission, kikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kuwa adui alikuwa amesukumwa mbali, na mwaka 2025 serikali imetangaza kujenga kingine Edinburg. Nadhani kufunga kiwanda kulikuwa uamuzi wa busara kwa hesabu za miaka ile, lakini kuacha ulinzi wote utegemee kiwanda kimoja cha Panama ulikuwa uzembe wa wazi. Katika Stockyards nzima sikuona hata kibao kimoja kuhusu kazi hiyo, ingawa kwa haki ya historia nzi tasa amewaokoa ng'ombe wengi wa Texas kuliko bastola zote zilizoning'inizwa ukutani.

Nilipokuwa nikizungumza na dada yangu kwa simu nje ya mgahawa, kijana aliyekuwa akitoa takataka alisimama na kunisalimu kwa Kiswahili cha Kongo. Fort Worth imepokea wakimbizi wengi kutoka Kongo, na yeye alikuwa amefanya kazi kaskazini, katika kiwanda cha nyama cha eneo la Amarillo. Nilimuuliza kama angerudi. "Yaya, ile kazi inakula mikono," aliniambia, akikunja na kukunjua vidole (kwao yaya ni dada au kaka mkubwa). Mwezi huohuo kampuni ya nyama ya Tyson ilikuwa imetangaza kwamba itafunga kiwanda chake cha Lexington, Nebraska, chenye wafanyakazi wapatao 3,200, na kwamba kiwanda cha Amarillo kitabaki na zamu moja, kwa sababu ng'ombe wa kuchinja hawatoshi. Vyombo vya habari nilivyovifuata viliwahoji wafugaji na walaji kwa wingi. Watu wa visu, ambao wengi wao ni wahamiaji, walipewa sentensi chache. Hali ilikuwa hivyo hivyo katika maonyesho ya Stockyards, ambako viwanda vya Armour na Swift husimuliwa kwa idadi ya mifugo na mara chache kwa majina ya waliochinja.

Kwa anayetaka kwenda, ushauri wangu ni kuchagua Ijumaa au Jumamosi ili apate msafara mchana na rodeo usiku, aanze na makumbusho ya jengo la mnada kabla ya saa tano na nusu, na ale mbali kidogo na barabara ya Exchange ambako bei hupungua. Viatu viwe vya kufunga, kwa kuwa matofali hayako sawa na farasi hawachagui pa kunyea. Anayependa mifugo kuliko maduka asubiri maonyesho makubwa ya mifugo ya mji huu, yanayofanyika Januari hadi mwanzoni mwa Februari, ambako wafugaji wenyewe huja na wanyama wao na unaweza kuwauliza, ana kwa ana, wanawaonaje Argentina na nzi.