Mtambo wa baiogesi wa mfuko: gesi ni nzuri ila mbolea ndo mpango mzima

Kila anayeniuliza kuhusu huu mtambo swali lake la kwanza ni lilelile, gesi inatosha kupikia? Inatosha kiasi. Ila kama unataka kununua kwa sababu ya gesi peke yake, soma kwanza mpaka mwisho ndo uamue.

Wangu ni ule wa mfuko, sio wa kujengea kwa matofali chini ya ardhi. Ni mfuko mkubwa wa turubai zito, upande mmoja una mdomo wa kulishia, upande wa pili tundu la kutokea tope, juu bomba linalopeleka gesi jikoni, basi. Ndani hamna hewa kabisa, kuna bakteria wasiotaka oksijeni wanaozesha mabaki ya chakula, maganda na samadi na kutoa gesi ambayo kama asilimia 50 hadi 70 ni methani, hiyo ndo inayowaka, inayobaki karibu yote ni kaboni dayoksaidi.

Mwanzo unataka uvumilivu jamani. Unaanza na samadi mbichi ya ng'ombe umeikoroga na maji nusu kwa nusu, maana bakteria wenyewe wanatoka humo, halafu unasubiri wiki kadhaa na usilishe mabaki ya jikoni kwa pupa, ukiwazidishia chakula kabla hawajazaliana vya kutosha ndani kunageuka asidi na gesi inakata. Gesi ya kwanza kabisa haiwaki, imejaa kaboni dayoksaidi, iachie itoke nje mahali pasipo na moto. Na tafadhali sana, usijaribu na kiberiti kwenye mfuko au kwenye bomba, jaribu jikoni tu.

Ikishaanza kuwaka, aisee, ni mwali wa bluu, sufuria hazishiki masizi, hamna moshi wa kuumiza macho. Mita moja ya ujazo ya gesi inapika kwenye jiko la plate moja kama saa mbili hivi. Presha yake ni ndogo kwa hiyo jiko la gesi ya mtungi halifanyi kazi vizuri hivihivi, lazima tundu la kupitishia gesi liwe kubwa zaidi, wangu ulikuja na jiko lake. Kipindi cha baridi gesi inapungua na unaiona kabisa, hao bakteria wanachapa kazi vizuri kwenye nyuzijoto 35 mpaka 37, ikishuka sana wanakaribia kusimama, hili muuzaji hakulisema na mi naona ilikuwa lazima aseme.

Harufu? Tope likishaoza vizuri halinuki kama watu wanavyodhani. Kinachonuka ni gesi yenyewe ikivuja, inanuka mayai viza, ni salfa hiyo, na inakula vyuma vya jiko, ndo maana kuna kichujio chenye nyuzi za chuma ndani, zikishachakaa unabadilisha. Bomba nalo linakusanya maji, hakikisha sehemu ya chini kabisa kuna koki ya kuyatoa, la sivyo moto unaanza kucheza cheza.

Sasa mbolea. Hapa ndo naomba watu wanielewe maana wauzaji wote wanaimba gesi gesi gesi. Kinachoondoka na gesi ni kaboni na hidrojeni hasa, naitrojeni, fosforasi na potasiamu karibu zote zinabaki kwenye tope, na sehemu nzuri ya naitrojeni imeshageuka amonia ambayo mmea unaitumia mapema, wakati mboji ya kurundika inapoteza sehemu ya naitrojeni hewani na inakula miezi. Mi nalizimua na maji, namwagia kwenye shina sio kwenye majani, na nafukia udongo juu hapohapo kwa sababu ukiliacha wazi juani amonia inapaa na ndo pesa yako inapaa. Mboga zangu zimebadilika rangi, udongo umekuwa laini na unashika maji kuliko zamani. Angalizo moja, joto la huu mfuko haliui vijidudu vyote, kwa hiyo mboga za kuliwa mbichi mi naweka tope kabla ya kupanda, sio zikiwa zimeshakua.

Na lingine linalonigusa sana, mabaki yaleyale yakitupwa dampo yanaoza chini ya takataka pasipofika hewa, yanatoa methani hiyohiyo, ila huko inaenda angani, na kwa miaka 100 inapasha joto dunia zaidi ya mara 25 kuliko kaboni dayoksaidi ya uzito uleule. Afadhali iungue jikoni kwako.

Usiweke mifupa, vipande vya miti, mafuta mengi, wala maji yenye sabuni au dawa za kuua vijidudu. Turubai nalo haliwezi jua kali la mwaka mzima wala vitu vyenye ncha, lijengee kivuli na uzio, na kabla hujalipa mdai muuzaji kiraka na gundi yake, mi sikupewa na nimehangaika kuvitafuta. Kama hamna mifugo, mko wachache na mabaki ni kidogo tu, huu mtambo utakaa na njaa, chukua pipa la mboji au la minyoo. Wenye bustani, ng'ombe hata mmoja na maji ya uhakika, nunueni.