Tahadhari: mchoro bandia wa Notre-Dame unaouzwa kama kazi ya Charles Meryon

Wanaokusanya michoro ya kale wajihadhari na muuzaji anayetangaza mtandaoni mchoro wa kanisa kuu la Notre-Dame la Paris, akidai kuwa ulichapwa na mchoraji Mfaransa Charles Meryon mwenyewe mwaka 1854 kwa bamba la shaba lililochongwa kwa asidi. Mwenzetu mmoja amekwisha kulipa, na mchoro aliotumiwa nimeukagua: ni nakala ya kisasa iliyozeeshwa makusudi.

Meryon, aliyewahi kuwa ofisa wa jeshi la majini la Ufaransa na ambaye macho yake hayakuweza kutofautisha rangi vizuri, kweli alichora kanisa hilo kwa upande wa nyuma, likitazamwa kutoka ng'ambo ya mto Seine, na kazi hiyo inatafutwa sana. Lakini katika mchoro huu mnara mwembamba wa katikati ya paa umesimama wima, ilhali mwaka 1854 haukuwapo. Ule wa zamani ulibomolewa katika karne ya 18, na ule wa msanifu majengo Viollet-le-Duc, ambao ndio ulioanguka kwa moto tarehe 15 Aprili 2019, ulijengwa miaka kadhaa baada ya Meryon kumaliza kazi yake. Tapeli ambaye hakujisumbua hata kutazama paa anathubutu kutaja bei ya kutisha!

Kwa kioo cha kukuzia, mistari yote inaonekana kuwa vitone vilivyojipanga safu kwa safu, wakati mstari wa bamba la shaba huwa wino mzito usiokatika, ulioinuka kidogo juu ya karatasi. Mbonyeo ambao ukingo wa bamba huuacha kwenye karatasi upo, lakini huo hughushiwa kwa urahisi. Chini pameandikwa kwa penseli sahihi na namba ya nakala, ingawa miaka ya 1850 wachoraji hawakuwa na desturi ya kuzipa nakala namba namna hiyo. Madoa ya kahawia, ya kuigiza uzee, yamejaa upande wa mbele, nyuma ni kweupe pe.

Muuzaji huyo hukataa kutuma picha ya upande wa nyuma, humharakisha mteja kwa kisingizio kwamba yuko mnunuzi mwingine, kisha hutaka fedha ziingie moja kwa moja kwenye akaunti yake, nje ya mfumo wa malipo wa soko. Hubadilisha jina mara kwa mara, ila picha ya tangazo ni ileile, yenye doa kubwa kwenye kona ya juu kushoto. Aliyekwisha kumlipa aiarifu benki yake leo hii, na asifute ujumbe wowote waliotumiana.