Uwaandikie watengenezaji wa programu au watumiaji wa sarafu za kidijitali?

Kijana aliyesomea kompyuta pale Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, akitaka kuishi kwa kuandika kuhusu blokucheni (daftari la pamoja la miamala ambalo sarafu za kidijitali huendeshwa juu yake), ana njia mbili.

Ya kwanza ni kuwaandikia watengenezaji wa programu. Hapo lazima usome msimbo, yaani maagizo ya programu, uifahamu Git, zana ya kufuatilia mabadiliko ya msimbo, uielewe Solidity, lugha ya kuandikia programu za blokucheni, na ujaribu kila mfano kabla ya kuuandika. Maandishi nayo huchakaa haraka: Septemba 2022 Ethereum, moja ya blokucheni kubwa, iliacha uchimbaji, yaani kuthibitisha miamala kwa kushindanisha nguvu za kompyuta, na kurasa zilizoueleza zikabaki historia. Lakini mlango uko wazi. Nyaraka za Ethereum zipo GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kushirikiana msimbo, na mtu aliyeketi Uyole anaweza kupendekeza marekebisho. Yakikubaliwa, jina lake linabaki pale, mwajiri yeyote alione.

Ya pili, miongozo ya watumiaji, haidai msimbo mwingi, ila uzembe wake unaumiza watu. Mfanyabiashara wa mchele wa Kyela asipoambiwa waziwazi kwamba maneno yake ya siri, yale 12 au 24 yanayofungua pochi yake ya kidijitali, hapewi mtu yeyote, ataibiwa, na hakuna namba ya huduma kwa wateja ya kupiga ili muamala urudishwe. Aelezwe pia kwamba Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tahadhari mwaka 2019, na kwamba sheria ya fedha ya 2024 iliweka kodi ya zuio, ile inayokatwa na mlipaji kwenye malipo, ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamisho wa mali za kidijitali.

Kwa ajira, ningeanza na ya kwanza. Kwa jamii yetu, ya pili ndiyo inayonikera kwa uhaba wake: miongozo mizuri ya Kiswahili tunaihitaji sasa.