Kisanduku cha klipu za laina za fenda: uzoefu wangu kwenye Toyota IST

Kisanduku nilichonunua Kariakoo kina klipu nyeusi za plastiki za saizi mbalimbali, pamoja na kifaa cha kung'olea chenye ncha iliyogawanyika kama ulimi wa nyoka, na bei yake haikuzidi ya lita tano za petroli. Nilikitafuta kwa kazi moja tu: kufunga upya laina za fenda za gari langu, yaani zile plastiki pana zilizojipinda juu ya matairi ya mbele, ambazo zilikuwa zimelegea pande zote mbili. Gari limepita masika yote kwenye madimbwi na makorongo ya Goba na Mbezi, na laina bado zimekaa mahali pake, isipokuwa ukingo mmoja nitakaoueleza hapa chini. Kwa hiyo ninakipendekeza, ila kwa masharti.

Wapo wanaosema kwamba plastiki hizo ni pambo na kwamba gari hutembea vizuri bila hizo. Sikubaliani nao hata kidogo. Tairi linapozunguka hurusha maji, mchanga na kokoto kwa nguvu, na kinachovizuia visifike kwenye nyaya za taa, kwenye honi na kwenye mota ndogo ya maji ya kioo ni laina hiyo. Kwenye IST, kama ilivyo kwa Toyota nyingi zenye injini iliyokaa kwa upana, fenibelti iko upande wa kulia, jirani kabisa na tairi, na matope yakiifikia utaisikia ikipiga kelele. Tena ukingo wa mbele ukishaachia, upepo wa barabara kuu huingia nyuma yake na kuisukuma laina nzima hadi iguse tairi, ambalo huisaga mpaka ipasuke.

Tabia iliyoenea kwenye gereji nyingi za mitaani ni kufunga laina kwa skrubu za jipsamu, zile nyeusi zenye ncha kali. Ninawasihi wenye magari waikatae. Gari langu lilinifikia likiwa nazo tayari, na nilipozifungua, vichwa vyake vilikuwa vimeliwa na kutu hadi bisibisi haikushika, na bati lililozunguka matundu lilikuwa limeanza kuoza kwa kutu hiyohiyo. Moja ilikuwa imetokeza ncha yake upande wa nyaya za taa ya kushoto, na ganda la waya mmoja lilikuwa na mkwaruzo mweupe mahali palepale ncha ilipokuwa ikigusa. Ingeachwa masika mengine mawili, sidhani kama taa hiyo ingekuwa inawaka.

Klipu hufanya kazi kwa namna tofauti. Ina mwili wenye miguu na pini ya katikati. Unaingiza mwili kwenye tundu pini ikiwa bado imetokeza, kisha unaibonyeza hadi ilingane na kichwa, nayo hutanua miguu nyuma ya bati. Nguvu yote ya klipu iko kwenye kutanuka huko, na ndiyo maana saizi ni jambo la kwanza. Klipu ya milimita 7 ikiwekwa kwenye tundu la milimita 8 itaingia kwa urahisi na itaonekana imefunga, lakini miguu yake haibani bati sawasawa, na mtikisiko wa barabara mbovu utaitoa. Asiye na kipimo maalumu anaweza kutumia shina la ncha ya drili: lile la milimita 7 likijaa tundu bila kucheza, saizi umeipata. Kwenye gari langu matundu mengi yalikuwa ya milimita 7 na machache ya milimita 8. Ina maana kwamba sehemu kubwa ya kisanduku sikuihitaji, na mnunuzi afahamu hilo kabla hajavutiwa na wingi wa klipu zilizomo.

Ubora wake haulingani. Zile za milimita 8 ni za nailoni nzuri; ukipinda mguu kwa kidole, hurudi ulivyokuwa. Zile za milimita 7 zilikuwa kavu, na baadhi zilikatika kichwa nilipobonyeza pini. Niliziloweka zilizobaki kwenye maji ya moto kwa muda kabla ya kuzifunga, kwa kuwa nailoni hunyonya maji na kuongeza unyumbufu, na tangu hapo zilizokatika zilikuwa chache mno.

Ukingo ulionishinda ni wa chini mbele, pale laina inapokutana na bampa. Hapo maji ya dimbwi hugonga moja kwa moja, na kila klipu ya kisanduku niliyoiweka iling'oka. Nimeiacha sehemu hiyo kwa boliti butu ya milimita 6, inayofungwa kwa spana namba 10, pamoja na nati bapa ya kuchomeka kwenye ukingo wa bati na washa pana upande wa plastiki. Washa hiyo hiyo imenisaidia pia pale ambapo tundu la laina lenyewe lilikuwa limechanika na kuwa kubwa kuliko kichwa cha klipu.

Kwa upande wa klipu halisi za Toyota, ambazo namba zake huanza na 90467, nilinunua chache za milimita 7 ili nilinganishe. Zinauzwa moja moja na ni ghali zaidi, lakini pini yake huingia kwa mlio mkavu unaosikika na hakuna hata moja iliyokatika mkononi mwangu. Ningeanza upya, ningenunua hizo kwa matundu yote ya mbele ya tairi na kuacha za kisanduku zifunge sehemu ya juu na ya nyuma, ambako msukumo wa maji ni mdogo. Za mtumba zilizong'olewa kwenye magari mengine sizishauri, kwa sababu mara nyingi miguu yake imeshachoka na haitanuki tena.

Kifaa cha kung'olea kilichokuja na kisanduku ni cha chuma na kinafanya kazi vizuri kuliko bisibisi bapa, ambayo huchubua kichwa cha klipu na kukwaruza rangi ya fenda. Usukani ukikatwa hadi mwisho, klipu nyingi hufikika bila kufungua tairi. Za nyuma kabisa ndizo zinazohitaji jeki, na gari likishanyanyuliwa, liwekewe stendi kabla mtu hajaingiza mkono ndani.