Super Bowl Kabalagala: muchomo safi, geti la maigizo

Jina la hoteli nalihifadhi kwa sababu ya mambo ya getini. Nilikwenda Kabalagala, mtaa wa Kampala, usiku wa kuamkia Jumatatu, 10 Februari 2025, kutazama Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani. Mchezo huo nilifundishwa na wanajeshi wao kule Iraq, nilipolinda lango la kambi yao kama Waganda wengi wa wakati ule. Sheria zake nimezisahau nusu, lakini tabia ya kukagua mlango kabla ya menyu haijanitoka.

Askari akanipitishia kile kifimbo cha kupimia chuma. Nilikuwa na funguo, simu mbili na mkanda wenye kifungo cha chuma. Hakikulia, wala taa haikuwaka.

"Afande, betri imekwisha?"

"Tangu Krismasi, mzee. Pita tu."

Mtaa huu huu, 11 Julai 2010, bomu lililipuka Ethiopian Village watu wakitazama fainali ya Kombe la Dunia, na uwanja wa raga wa Kyadondo nao ukalipuliwa. Walikufa zaidi ya watu 70. Halafu wewe unaweka skrini kubwa na kifimbo kilichokufa!

Chakula sasa. Muchomo, yaani nyama choma, ilikuwa ya mbuzi aliyeiva hadi kwenye mfupa, gonja, ile ndizi mbivu ya kuchoma, ilikuwa tamu, kachumbari haikuogopa pilipili. Sahani ilikuwa shilingi 20,000, na ilishibisha wawili. Kiingilio kilikuwa 10,000 pamoja na soda. Mhudumu alikuwa mwepesi ingawa mechi ilianza saa nane na nusu usiku.

Mechi yenyewe iliharibika mapema, timu ya Eagles ikienda mapumziko na 24-0 dhidi ya Chiefs. Trump alipoonyeshwa jukwaani, rais wa kwanza kuhudhuria Super Bowl akiwa madarakani, dada wa meza ya pili akaweka uma chini. "Huyo ndiye aliyenirudisha nyumbani." Alikuwa akifanya kazi kliniki iliyoendeshwa kwa fedha za Marekani, na tangu Januari mwaka huo msaada ulikuwa umesimamishwa. Mwimbaji Taylor Swift alipozomewa uwanjani, vijana wakacheka, dada yule hakucheka.

Mwanarapu Kendrick Lamar akaingia kutumbuiza wakati wa mapumziko, karibu saa kumi na nusu alfajiri, na hapo hapo umeme ukakatika. Jenereta iliwaka upesi, nawapa haki yao, ila king'amuzi kilijizungusha hadi tukamkosa mwigizaji Samuel L. Jackson na kofia yake ya Uncle Sam, yule mzee anayewakilisha Marekani. Tulirudi wacheza dansi wake wakijipanga kuwa bendera ya Marekani, kisha wakaigawa katikati. Meza nzima ikabishana kuhusu Drake, mwanarapu hasimu wa Kendrick.

Kilichonishangaza nilikisoma asubuhi. New Orleans, mji uliochezewa mechi, walikuwa wamejaza ulinzi, maana siku ya Mwaka Mpya mtu aliwavamia watu kwa pikapu Bourbon Street, wakafa 14, wakati nguzo za kuzuia magari zilikuwa zinabadilishwa. Na bado mcheza dansi mmoja wa Kendrick alipanda jukwaani na bendera ya Sudan na Palestina, akaikunjua. Hiyo ni nguo tu; je, ingekuwa silaha? Meneja nilimwambia haya ya kifimbo wakati nalipa, akanijibu kwamba wateja hawapendi kusumbuliwa.

Kwa muchomo nitarudi, lakini mchana, na nitakaa ile meza ya karibu na mlango wa jikoni.