Pampu ya kukamulia maziwa: kipimo cha kikombe kabla ya bei

Likizo yangu ya uzazi ya siku 84 ilipokaribia kwisha nilianza kutafuta pampu ya kukamulia maziwa, kwa kuwa nilikusudia mwanangu asionje kitu kingine hadi atimize miezi 6, na zile saa 2 kwa siku ambazo sheria humpa mama kazini ili anyonyeshe zinanifaa kidogo sana, maana mimi nafanya kazi Chumbageni, mjini Tanga, na mtoto hubaki mbali, Pongwe, kwa bibi yake.

Nilianza na pampu ya umeme kutoka duka moja la vifaa vya watoto mjini Tanga. Ilivuta kwa nguvu, lakini siku ya tatu chuchu zilikuwa zimechubuka, nami nikavumilia nikidhani kila mama hupitia hayo. Mkunga wa kliniki alipokitazama kikombe chake, yaani ile sehemu yenye mrija inayowekwa kwenye titi, akasema, “Mwanangu, hiki si chako.” Mrija wake ulikuwa na upana wa milimita 28, ilhali chuchu yangu, nilipoipima kwa rula, ilikuwa na upana wa milimita 17, hivyo ngozi nyeusi inayoizunguka ilikuwa ikivutwa yote ndani ya mrija. Muuzaji hakuniuliza kipimo, wala hakuwa na kikombe kidogo zaidi. Hili lilinisikitisha, kwani mama mwingine angeacha kukamua kabisa.

Sasa natumia pampu ya mkono yenye kikombe cha milimita 21. Inachosha kiganja, hilo sikatai, lakini haina maumivu, haipigi kelele, na umeme ukikatika haiathiriki. Sehemu yake dhaifu ni valvu ya silikoni, ile iliyochongoka kama mdomo wa bata: yangu ilichanika kidogo sana kwenye ncha wakati wa kuosha, na papo hapo pampu ikaacha kuvuta. Ulizia valvu ya akiba kabla hujalipa.

Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa 4 katika joto lisilozidi nyuzi 25, na ofisi yetu isiyo na kiyoyozi huvuka hapo mapema asubuhi mwezi wa Februari. Kwa hiyo nayabeba katika kikasha chenye barafu, na nyumbani huingia kwenye friji, ambako hayazidishi siku 4.

Ile ya umeme sijaitupa. Nikipata kikombe kinachonienea nitaijaribu tena usiku.